Ukoo au mto?

Ndugu zangu, mshenga akitumwa, Rungwe kama kwingine Tanzania, kuna swali huulizwa chinichini: "Kwao hakuna kifafa?" Jibu likiwa baya, posa inakufa. Watu wanaamini kifafa ni cha damu tu. Hebu tuangalie historia inasemaje.

Tuanzie Mahenge, Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Aall (baadaye Jilek-Aall), mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto: wakianguka jikoni watu waliogopa kuwagusa, wakidhani povu linaambukiza. Alikuta pia familia zenye wagonjwa wengi. Mwaka 1992, utafiti wa Rwiza na wenzake wilayani Ulanga ulipata takribani watu 10 wenye kifafa kwa kila 1,000. Mwaka 1995 uchambuzi wa koo za Wapogoro ukaonyesha dalili za urithi. Basi, wenye imani ya damu wakapata cha kusema.

Lakini ndugu hawashiriki damu tu, wanashiriki na mto. Mahenge ina usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo kutoka Kameruni: watoto waliokutwa na vijiminyoo vingi zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndio waliougua kifafa zaidi baadaye.

Sasa turudi Tukuyu. Milima, mvua, mito kama Kiwira na Mbaka: Rungwe nayo imekuwa eneo la usubi, ndiyo maana watu wamekuwa wakigawiwa Mectizan. Halafu kuna nguruwe. Kitimoto isiyoiva humpa mlaji tegu. Mayai ya tegu yakitoka kwenye kinyesi chake na kuingia kwenye chakula au maji, yanaweza kuota vifuko ndani ya ubongo wa mtu mwingine, hata asiyekula nguruwe kabisa. Ongeza mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, na malaria iliyopanda kichwani.

Urithi upo, tusidanganyane. Aina fulani za kifafa zinatokana na jeni, na jeni zinaweza kumfanya mtu mmoja adhurike kirahisi kuliko jirani yake. Ila damu hatuwezi kuibadilisha. Choo tunaweza kuchimba, nyama tunaweza kuivisha, Mectizan tunaweza kumeza, na mgonjwa tunaweza kumpeleka hospitali akapata dawa badala ya kumficha ndani.

Kwa hiyo mshenga akirudi na habari ya ukoo, muulizeni na habari ya mto.