Daftari la Wageni

Tovuti yangu ina kurasa kumi na moja, zote za historia ya Rungwe, na ningependa kujua kama zinasomwa. Ila kujua kwamba zimesomwa ni jambo moja, na kujua nani kazisoma ni jingine. Nchi yetu ina historia ndefu ya kulitaka hilo la pili.

Igogwe, nyumbani kwetu, wazee wanaukumbuka mfumo wa nyumba kumi ulioletwa na TANU miaka ya 1960. Ukilaza mgeni, balozi ajue ni nani na katoka wapi. Watu waliuzoea, hata leo, ofisi gani haina daftari la wageni mlangoni?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilihamishia desturi hiyo kwenye kompyuta. Kifungu cha 32 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi azitoe. Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums, ambako watu wengi huandika kwa majina ya bandia, alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kuwataja watumiaji wake. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi zake. Katikati ya hapo zikaja kanuni za mwaka 2018: mwenye intaneti kafe aandikishe wateja kwa kitambulisho na afunge kamera. Balozi mpya huyo.

Namheshimu Melo. Lakini mimi si jasiri kama yeye, kwa hiyo nataka nikiulizwa nisiwe na cha kutoa.

Inawezekana. Google Analytics, iliyoanza 2005, hutumia vidakuzi kumtambua msomaji anaporudi, na taarifa zake huenda kwenye seva za kampuni. Programu kama Plausible, ya mwaka 2019, huchanganya anwani ya IP na namba ya kubahatisha, ambayo waandishi wa programu huiita chumvi. Kila baada ya saa 24 chumvi hufutwa na kuwekwa nyingine. Ukisoma mara mbili leo, wewe ni mtu mmoja. Ukirudi kesho ni mgeni kabisa. Hesabu ya mwezi inavimba, na mimi siioni kuwa hasara kubwa.

Kinachonisumbua zaidi ni udogo wa kwetu. Takwimu zikisema msomaji mmoja, Tukuyu, simu ya zamani, saa nne usiku, jina la nini tena? Kwa hiyo kwenye kihesabio changu nimeacha nchi tu. Mji na aina ya simu nimevitoa.

Ukurasa wa kodi ya kibanda umefunguliwa mara 41 mwezi huu. Mjomba anaapa hakuugusa.