Uchovu wa mchana (nyanda za juu za Kigoma)

Uchovu wa mchana ni hali ya mwili kulegea, macho kuwa mazito na akili kupoteza wepesi baada ya jua kupita utosini, kwa kawaida kati ya saa saba na saa kumi. Makala hii inaeleza chanzo chake na namna ya kuukabili bila kafeini katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Humo wamo wakulima Waha, wanafunzi na wakimbizi kutoka Burundi na Kongo.

Chanzo

Wengi huusingizia ugali. Mlo mzito huuongeza uchovu huu, lakini humpata hata asiyekula. Mwaka 1982 mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alieleza kuwa usingizi huendeshwa na mambo mawili: hitaji la kulala, linalokua kila saa mtu anapokuwa macho, na saa ya mwili, inayofuata mwanga wa jua. Adhuhuri inapopita, hitaji hilo limeshakua, na msukumo wa saa ya mwili unaomweka mtu macho haujapata nguvu yake ya jioni. Katika pengo hilo ndipo lepe la usingizi huingia.

Hitaji la kulala huambatana na adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo. Kafeini huizuia isifanye kazi kwa muda, lakini haiiondoi. Tena, nusu ya kafeini ya kikombe kimoja huweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa ya saa kumi alasiri inaweza kuuvuruga usingizi wa usiku na kumwachia mnywaji uchovu mkubwa zaidi kesho yake. Jambo hili lina uzito Kigoma, kwa kuwa wilaya hizi zenyewe hulima kahawa ya arabika.

Saa ya ukutani na jua

Tanzania nzima hutumia majira mamoja ya saa, yanayolingana na jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Kibondo iko karibu na nyuzi 31, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Kibondo na Kasulu hufika utosini karibu saa saba mchana, na huchomoza karibu saa moja asubuhi. Burundi na mashariki ya Kongo husoma saa moja nyuma. Mrundi aliyevuka mpaka hubadili saa yake, wakati jua ni lile lile.

Mwaka 2007 mtafiti Till Roenneberg na wenzake walionyesha, kwa takwimu za Ujerumani, kuwa nyakati za watu kulala na kuamka hulifuata jua zaidi kuliko saa ya ukutani. Mwanafunzi wa Kibondo anayetakiwa shuleni saa moja huamka gizani, wakati mwili wake bado uko usiku. Usingizi anaoukosa hivyo huwa deni, nalo hudaiwa mchana. Dawa ya kwanza, basi, ni kulala mapema.

Namna ya kuukabili

Usingizi mfupi. Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Anayezidisha nusu saa huweza kuamka mzito kuliko alivyolala. Katika uchunguzi wa shirika la anga la Marekani uliochapishwa mwaka 1994, marubani waliopewa nafasi ya dakika 40 walilala wastani wa dakika 26, na wakawa makini zaidi kuliko wenzao wasiolala. Hata hivyo kulala mchana si lazima: utafiti wa mwaka 2015 uliowahusisha Wahadza, jamii ya wawindaji wa Tanzania, ulikuta kuwa hawalali mchana mara nyingi.

Maji. Upungufu mdogo wa maji mwilini hupunguza umakini. Anayelima anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu. Anayetaka kinywaji cha moto achemshe mchaichai, ambao hauna kafeini.

Chakula. Ugali wa muhogo peke yake ni wanga mtupu. Ukiliwa na maharage, dagaa au migebuka, sukari hupanda katika damu polepole. Kisamvu, ambacho Wakongo hukiita sombe, huongeza mboga katika sahani hiyo. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa, na upungufu wa damu ni chanzo kikubwa cha uchovu, hasa kwa wajawazito na watoto.

Mwanga na mwendo. Kutoka nje na kutembea dakika kumi huamsha mwili. Kazi ya jembe ifanywe alfajiri na jioni. Saa nane na saa tisa ziachiwe kuchambua maharage, kusuka mikeka au kazi nyingine ya kivulini.

Uchovu usio wa saa

Ushauri huu una mpaka wake, nao ni njaa. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Tanzania hadi nusu ya kiwango cha kawaida kwa kukosa fedha. Anayekula mlo mmoja kwa siku hachoki kwa sababu ya saa ya mwili pekee. Anahitaji chakula, na kumwita mvivu ni kumdhulumu.

Uchovu wa kawaida huja mchana na kuondoka jioni. Unaodumu siku nzima, au unaoambatana na homa, kikohozi cha wiki mbili, kiu isiyokatika, viganja vyeupe au moyo kwenda mbio, unaweza kuwa malaria, kifua kikuu, kisukari au upungufu wa damu. Huo haungojewi upite kivulini. Hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo.