Kutoka Bwana Nyama hadi Msomi wa Uhifadhi

Wazee waliokulia kando ya mapori ya Tanganyika waliwajua watumishi wawili wa serikali kwa kazi zao: bwana nyama na bwana miti. Mmoja alitembea na bunduki, mwingine na nyundo ya kugonga mhuri kwenye magogo. Wote wawili walijulikana zaidi kwa kukataza kuliko kufundisha. Kanuni za kwanza za uwindaji zilitolewa na Wajerumani mwaka 1896, enzi za gavana Hermann von Wissmann, na mwaka 1902 kikaanzishwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki. Wenyeji walilima bustani za Amani, wakabeba vifaa, wakawaonyesha wageni njia za msituni. Kuwasomesha hadi shahada halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Lilizungumzwa Arusha, Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru. Katika mkutano wa kimataifa wa hifadhi ya maliasili, Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alitoa tamko ambalo msomaji asilichanganye na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tamko lilikiri kwamba wanyamapori ni dhamana ya taifa. Lakini lilikuwa pia na upande wa ombi, ambao wengi husahau kuutaja: lilisema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yanatarajiwa kushirikiana. Hifadhi zilikuwepo, Serengeti ikiwa imetangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Waafrika wenye mafunzo ya kuziongoza ndio waliokosekana.

Jibu la haraka lilikuwa Mweka. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, na mkuu wake wa kwanza akawa mwanaikolojia Mwingereza, Hugh Lamprey. Mweka hakikuwa chuo kikuu wala hakikujidai kuwa hivyo. Kilitoa astashahada na stashahada kwa vijana wa Afrika inayozungumza Kiingereza, na somo lilikuwa la mikono: kulenga shabaha, kutengeneza gari lililokwama, kusoma nyayo, kuhesabu swala, kupiga kambi. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa, chuo cha namna hiyo kilianzishwa Garoua, Kamerun, mwaka 1970. Wahitimu wa Mweka walienea barani, na mtu anayekutana na mhifadhi mkuu wa makamo popote kati ya Uganda na Zambia asishangae kusikia kuwa alipitia Kilimanjaro.

Chuo kikuu kilichelewa, na kilipokuja kilikuja kwa mlango wa miti. Kitivo cha Kilimo kilianza Morogoro mwaka 1969 chini ya chuo cha Dar es Salaam, na katikati ya miaka ya 1970 shahada ya misitu ikaongezwa. Julai 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kufariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo, kitivo kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Moi kilianza Eldoret kwa wanafunzi 83 waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni nadra chuo kikuu kizima kuzaliwa kutokana na darasa la misitu.

SUA ilikuwa na bahati ya kuwa na misitu yake. Ipo ya Olmotonyi, chini ya Mlima Meru. Upo Mazumbai, Usambara Magharibi, msitu wa mvua uliotolewa na mkulima wa chai. Na lipo eneo la miombo la Kitulangalo, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Hapo mwanafunzi hujifunza kazi inayochosha na isiyo na sifa. Hupima kiwanja cha sampuli, hufunga utepe kwenye kila shina kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, humtajia mwenzake kipenyo, huyu anaandika. Mtondoro, mninga, mpingo. Halafu wanafika kwenye visiki na majivu ya tanuri la mkaa, na hapo utepe hauna jibu: aliyekata ni nani, na angekula nini kama asingekata?

Swali hilo lilibadilisha mitaala kuliko nadharia yoyote. Babati, serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji wakapinga, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 vijiji vyenyewe vilikuwa vinausimamia kwa sheria ndogo na walinzi wao. Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikaupa utaratibu huo nguvu. Madarasani, usimamizi shirikishi ukaingia kando ya botania na hesabu za ujazo wa mbao. Mambo hayakwenda upande mmoja, hata hivyo: mwaka 2018 Tanzania ilizindua Jeshi Usu, na watumishi wa uhifadhi, wasomi wakiwemo, wakarudi kwenye gwaride na vyeo vya kijeshi. Bwana nyama hakustaafu kabisa.

Pengo moja limebaki. Mwanafunzi huwahoji wanavijiji kwa Kiswahili, kisha huandika tasnifu kwa Kiingereza, ikawekwa maktaba. Mzee aliyemtajia matumizi ya kila mti hawezi kuisoma, na mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji hana namna ya kuitumia. Vyuo vyetu vingeweza kulimaliza hili kwa kanuni moja tu: asihitimu mtu aliyefanya utafiti kijijini kabla hajarudisha muhtasari wa matokeo, kwa Kiswahili, kwenye ofisi ya kijiji hicho.