Chupa Nyeusi ya Miami

Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa maana ya dawa za kuongeza nguvu. Amesoma magazetini majina ya wakimbiaji wa nchi yake waliofungiwa, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kupambana na uovu huo. Basi huenda akadhani kwamba jambo hili alijua lote. Lakini mkimbiaji adanganyaye humwibia mwenzake nishani na fedha. Yule aliyeibiwa hurudi nyumbani akiwa mzima, na siku nyingine hukimbia tena. Katika ndondi sivyo. Nguvu azipatazo mwanandondi kwa sindano au kwa kidonge hana mahali pengine pa kuzitumia ila kichwani, mbavuni na machoni mwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, historia ya dawa katika ndondi za kulipwa yafaa tuisome tukimtazama yule aliyepigwa, wala si yule aliyepiga peke yake.

Kumbuka pia kwamba ngumi zilizo halali zatosha kuua. Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa medali ya dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki dunia huko Las Vegas mwezi wa Julai, 1994, siku mbili baada ya pambano. Simtaji kwa kuwa palikuwa na hila yo yote katika pambano lile. Namtaja ili ujue kipimo cha hatari tunayoizungumza kabla hatujaongeza kitu juu yake.

Sasa twende Miami, katika Marekani, usiku wa tarehe 12 Novemba, 1982. Katika uwanja wa Orange Bowl walikutana Aaron Pryor, bingwa wa dunia ambaye hajapata kushindwa, na Alexis Arguello wa Nicaragua, mtu mpole wa maneno na mkali wa ngumi, aliyekwisha kuwa bingwa katika uzito wa aina tatu na sasa alitaka wa nne. Wengi wa waliolitazama pambano hilo wamelihesabu kuwa miongoni mwa mapambano makubwa ya karne ile. Pryor alimiminika kama mvua ya masika. Arguello akamngojea, akampiga ngumi za kulia ambazo zingeangusha watu wengine. Kufika raundi ya 13 Pryor alionekana kuchoka.

Mwalimu wa Pryor alikuwa Carlos Lewis, aliyejulikana zaidi kwa jina la Panama Lewis. Katika mapumziko ya baada ya raundi hiyo ya 13, vipaza sauti vya televisheni vilimnasa akimwambia msaidizi wake asimpe chupa ile ya maji, bali ampe ile nyingine, ile aliyoichanganya yeye mwenyewe. Pryor akanywa. Raundi ya 14 ilipoanza alitoka kana kwamba ndiyo kwanza jioni imeingia, akampiga Arguello kwa mfululizo mpaka mwamuzi akaingilia kati. Arguello akalala sakafuni dakika kadhaa bila fahamu, na watu wakaogopa kwamba hataamka.

Je, chupa ile ilikuwa na nini? Yalitolewa majibu zaidi ya moja: mara ni maji ya chupa yaliyochanganywa na ya bomba, mara ni pombe ya mnanaa ya kutuliza tumbo. Swali hilo lingeweza kujibiwa usiku ule ule kwa kikombe kimoja cha mkojo. Lakini wasimamizi wa ndondi wa Miami hawakumpima Pryor baada ya pambano. Wala si haki tumhukumu Pryor kwa chupa peke yake: tarehe 9 Septemba, 1983, walirudiana huko Las Vegas, naye Pryor, akiwa na mwalimu mwingine, alimshinda Arguello tena katika raundi ya 10. Hata hivyo ushindi wake mkubwa kuliko wote haukupata kusafishwa kabisa. Mtu aliyemwandalia chupa alimharibia jina, na yule ambaye hakuuliza mkojo alimharibia zaidi.

Ingekuwa kisa kimeishia hapo, tungekuwa na uvumi tu. Lakini miezi saba baadaye, tarehe 16 Juni, 1983, Panama Lewis alisimama katika pembe ya mwanandondi mwingine, Luis Resto, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Mpinzani wa Resto alikuwa Billy Collins, kijana wa Tennessee mwenye umri wa miaka 21, ambaye alikuwa ameshinda mapambano yake yote 14. Resto hakuwa na sifa ya kupiga kwa nguvu. Usiku ule, kwa raundi 10, kila ngumi yake iliacha alama, na uso wa Collins ukavimba hata macho yakakaribia kufumba. Pambano lilipokwisha, baba yake Collins, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wake, alikwenda kumpa Resto mkono wa pongezi. Alipoishika glavu alihisi mifupa ya vidole. Akapiga kelele, glavu zikachukuliwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kujazia ilikuwa imetolewa ndani yake.

Mboni ya jicho la Collins ilikuwa imechanika, na ndondi zake zikaishia hapo. Tarehe 6 Machi, 1984, gari lake liliacha njia karibu na nyumbani kwao naye akafa, akiwa na miaka 22. Resto na Lewis walinyang'anywa leseni, na mwaka 1986 mahakama iliwatia hatiani na kuwafunga. Zingatia shitaka lililomfunga Resto: pamoja na mengine, alipatikana na hatia ya shambulio. Yaani, mara tu kanuni zilipovunjwa, sheria haikuona tena mchezo. Iliona mtu anayempiga mtu.

Miaka zaidi ya 20 ilipita ndipo Resto alipofungua kinywa chake. Alikiri kwamba alijua habari za glavu, na kwamba vitambaa alivyofungwa mikononi vilikuwa vimegandishwa kwa kitu kama plasta ile ambayo madaktari hufungia mifupa iliyovunjika. Kisha akaongeza neno lililowarudisha watu Miami: alisema kwamba Lewis alikuwa akivunja vidonge vya kufungua pumzi na kuvitia katika maji yake, ili asiishiwe na pumzi katika raundi za mwisho. Lewis, aliyefariki mwaka 2020, aliyakana mashitaka haya mpaka mwisho, nasi hatuwezi kuyapeleka maneno ya Resto katika chupa ya Pryor kama ushahidi. Lakini yatufundisha kitu kimoja: katika fikira za mtu wa namna hii, glavu iliyopunguzwa na maji yaliyochanganywa ni hila moja, na yule anayelipa gharama yake ni mmoja.

Baada ya hayo wasimamizi wa majimbo ya Marekani walizoea kupima mkojo usiku wa pambano. Jambo hilo lilionekana kuwa dawa ya ugonjwa, lakini lilikuwa kama kumpekua mwizi wiki mbili baada ya kuiba. Mwanandondi hatumii dawa zake kubwa usiku wa pambano. Huzitumia kambini, wiki nane au zaidi kabla yake. Chukua mfano wa ile iitwayo EPO, ambayo huufanya mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, na hivyo kubeba hewa zaidi. Dawa yenyewe hutoweka kwa siku chache, ilhali chembe zilizotengenezwa huishi karibu miezi minne. Mtu huingia ulingoni akiwa na faida yote, na mkojo wake hauna la kusema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 13 Septemba, 2003, Shane Mosley alipomshinda Oscar De La Hoya huko Las Vegas, waamuzi wote watatu wakiandika pointi 115 kwa 113. Siku 10 tu kabla ya hapo, maofisa wa serikali walikuwa wameivamia maabara moja ya California iliyoitwa BALCO, iliyowapa wanamichezo wengi dawa, mojawapo ikiwa imetungwa makusudi isionekane katika vipimo. Desemba mwaka ule, mbele ya baraza la uchunguzi la mahakama, Mosley alikiri kutumia dawa za maabara ile, EPO ikiwemo, akidai alizidhania kuwa virutubisho vya kawaida. Ushindi wake haukufutwa.

Mwaka 2011 daktari mmoja wa Las Vegas, Margaret Goodman, aliyewahi kuhudumu kando ya ulingo, alianzisha shirika la VADA ili wanandondi wapimwe damu na mkojo kwa ghafula wakiwa kambini. Vipimo vikawa vizuri, watu hawakuwa. Oktoba 2012, vipimo vilivyofanywa na shirika jingine vilionyesha clenbuterol katika sampuli mbili za Erik Morales wa Mexico. Dawa hiyo hupewa farasi wenye shida ya pumzi, na wafugaji wengine huwapa ng'ombe ili nyama isiwe na mafuta. Morales alisema aliipata katika nyama. Habari zilijulikana kabla ya pambano. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, televisheni ilikuwa tayari, na pambano likafanyika mjini New York. Morales ndiye aliyeangushwa, katika raundi ya 4, na labda ndiyo sababu kisa chake kimesahauliwa upesi. Fikiri kama angeanguka mwingine na asiinuke.

Mjini humo humo, tarehe 20 Aprili, 2024, Ryan Garcia alimwangusha Devin Haney mara tatu na kutangazwa mshindi. Majibu ya vipimo yalikuja baadaye: sampuli za siku iliyotangulia na za siku yenyewe zilikuwa na ostarine, dawa ya kujenga misuli. Garcia alisema hakuitumia kwa kujua, akalaumu virutubisho vilivyochafuliwa. Alifungiwa mwaka mmoja, na matokeo yakabadilishwa, pambano likaandikwa kuwa halina mshindi.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Haney alifungua kesi. Miongoni mwa madai yake lilikuwamo hili, kwamba alipigwa kinyume cha sheria, kwa kuwa alikubali kupigana na mtu asiye na dawa mwilini, si na mtu mwingine. Mwaka 2025 aliiondoa kesi hiyo kabla haijaamuliwa.