Barabara Yetu ya Eringeti

Miji mikubwa ina mitaa mingi yenye sifa. Sisi wa Eringeti mtaa wetu mkubwa ni mmoja tu, nao ni barabara itokayo Beni kwenda Komanda.

Atokaye Beni hupita Mavivi penye uwanja wa ndege, kisha Mbau, kisha Oicha, ambako hospitali ya Waprotestanti ilipata sifa siku za daktari Carl Becker, Mmarekani. Halafu Mayi-Moya, na ndipo hufika kwetu, kama kilometa 60 kutoka Beni. Mbele yetu ni Ituri.

Zamani watu walikaa humo msituni, wakitumia njia za miguu. Wabelgiji walipokata barabara, waliamuru vijiji vihamie kando yake, ili watu wahesabiwe, watozwe kodi, na kuitengeneza njia kwa lazima. Ndiyo sababu vijiji vingi vimejipanga mistari miwili, huku na huku.

Basi, kilicholetwa kwa amri kikawa riziki: ndizi, mchele, mbao na kakao hupita hapo. Lakini hata msiba ulifika. Tarehe 29 Novemba 2015 waasi wa ADF walishambulia Eringeti, wakaingia hata hospitalini. Waliuawa raia, askari, na mlinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa.

Watu walikimbia kwa barabara hiyo, na kwa barabara hiyo wengi walirudi. Tuwafundishe watoto habari hizi. Barabara hii ni jasho la babu zetu. Walilipwa kidogo, nasi tumeirithi kwa gharama kubwa.