Rangi Inayochuja: Nguo na Reli ya Fort Ternan

Nguo ya rangi ilianza kufika Fort Ternan, magharibi mwa Kenya, kwa wingi kwa njia ya reli, na tabu ya kuchuja ikaja nayo. Kabla ya hapo Wakipsigis wa milima ya huko walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta. Reli ya Uganda ilipita mwaka 1901 ikielekea Port Florence, Kisumu ya leo, na kituo kikaitwa kwa jina la Trevor Ternan, afisa Mwingereza aliyewahi kukaimu ukamishna wa Uganda. Nyuma ya reli yakafuata maduka ya Wahindi; ya Alidina Visram ndiyo yaliyovuma zaidi.

Biashara ya nguo Afrika Mashariki ilikuwa imezoea merikani, kaniki na bendera. Merikani, pamba isiyotiwa rangi, haikuwa na cha kuchuja, ila ilidaka rangi ya kila nguo iliyofuliwa nayo. Kaniki ya India ilichovywa nili hadi ikakaribia weusi. Nili huingia ndani ya uzi ikiwa imeyeyuka, kisha hewa huigandisha humo. Maji matupu hayaitoi, lakini msuguano huipukuta, ndiyo maana kaniki mpya iliacha bluu mwilini mwa mvaaji. Bendera ilikuwa nyekundu, na ile iliyotiwa rangi kwa utaratibu wa zamani, kwa mafuta na chumvi ya alumini, ilistahimili mafuo mengi.

Chanzo cha madhara makubwa kilikuwa maabara za Ujerumani. Mwaka 1884 ilipatikana rangi nyekundu ya kwanza ya viwandani iliyoshika pamba bila dawa ya kuishikiza, ikauzwa kama Nyekundu ya Kongo huku habari za Mkutano wa Berlin, uliojadili Kongo, zikivuma. Ilihitaji maji moto na chumvi tu. Ilikuwa rahisi na iling'aa, lakini haikuwa na kifungo cha kweli: kilichoingizwa na maji kilitolewa na maji. Rangi za ukoo huo zilienea duniani kwa sababu ya urahisi wake, na mnunuzi maskini ndiye aliyeumia. Mashamba makubwa ya chai yalipofunguliwa Kericho, si mbali na Fort Ternan, miaka ya 1920, mshahara ulileta wanunuzi wapya wa nguo hizo.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1956, kampuni ya ICI ya Uingereza ilipoanza kuuza rangi zinazoungana na uzi wenyewe kikemia. Hata hizo huacha ziada isiyoshika, na kiwanda kinachobana matumizi ya maji humwachia mnunuzi kazi ya kuisuuza. Kitenge cha namna hiyo huchuja mafuo machache, kisha hutulia.

Mfarishi wa vipande, tandiko linaloshonwa kwa masalio ya fundi cherehani, huzikutanisha rangi za vizazi hivi vyote kitandani pamoja: kanga, kitenge, sare ya shule, shuka jeupe. Doa likitokea, wengi hukimbilia chumvi na siki. Siki husaidia rangi za sufu na hariri. Kwenye pamba haishikizi kitu. Chumvi huisukuma rangi kuelekea uzi, hata uzi wa kipande cheupe kilicho jirani. Kinachofaa ni kutouacha mfarishi ukauke wala kuupiga pasi, bali kuuloweka katika maji mengi ya moto yenye sabuni, uelee bila kubanana, na kubadilisha maji hadi yabaki meupe. Joto huing'oa rangi legevu, sabuni huizuia isitue upya, na wingi wa maji huipunguza nguvu. Kazi hiyo yaweza kuchukua zaidi ya usiku mmoja, lakini kitu kilichoshonwa kwa mkono kinaistahili.

Fundi anayekusanya vipande na akiloweke kila kimoja katika maji moto pamoja na kitambaa cheupe kabla ya kukishona. Kinachotia doa kitambaa hicho kifuliwe tena au kiachwe nje ya mfarishi.