Wavu Chini ya Daraja

Ajali haina kinga, husema Waswahili. Methali hiyo tunaitamka upesi mno mtu anapoanguka kutoka ghorofani. Twasema siku yake ilikuwa imefika, twachanga fedha za mazishi, na kesho yake saidia fundi mwingine anapanda jukwaa lilelile. Leo, mwanafunzi mpenzi, naomba tuipime methali hii kwa kisa cha mbali: ujenzi wa daraja la Golden Gate mjini San Francisco, Marekani.

Kazi ilianza Januari 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ambapo mtu aliyeanguka hakukosa wa kumrithi kazini. Wajenzi wa madaraja wa zama hizo walikuwa na hesabu yao: kwa kila dola milioni moja, tarajia kifo kimoja. Daraja hili lilikadiriwa kugharimu dola milioni 35. Maana yake ni kwamba watu 35 walikwisha kuhesabiwa pamoja na saruji na chuma, kabla hata majina yao hayajajulikana.

Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, hakuiridhia hesabu hiyo. Aliwalazimisha wafanyakazi kuvaa kofia ngumu, na aliyefanya mzaha juu ya vyuma aliachishwa kazi. Hadi Oktoba 1936 hakufa mtu. Ilipowadia zamu ya kujenga sakafu ya daraja, ulitandazwa chini yake wavu wa kamba, mpana kuliko daraja lenyewe, mithili ya ule wa wanasarakasi. Uligharimu takriban dola 130,000. Watu 19 walianguka humo wakatoka hai. Wakajiita, kwa ucheshi wa watu waliochungulia kaburi, Klabu ya Nusu Njia ya Kuzimu.

Ningependa kukomea hapo, lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito lililoning'inia chini ya sakafu lilichomoka, likaangukia wavu. Wavu uliofumwa kumpokea mtu haukuweza kulipokea jukwaa. Ulichanika, ukaporomoka baharini na watu 12, umbali wa zaidi ya mita 60. Wawili waliopolewa wakiwa hai.

Je, methali imeshinda? Mimi sioni hivyo. Jukwaa lile lilibuniwa na watu, likafungwa na watu. Halikushuka kutoka mbinguni. Ndiyo maana sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, humtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, wala hazimwachii majaliwa kazi hiyo.

Daraja lilifunguliwa Mei 1937. Waliokufa katika ujenzi wake walikuwa 11, si 35. Na kati yao, kumi walikufa asubuhi moja.